Pangaboi la Kiyeri

"Kama baba yangu ni mwizi, basi wewe Godlove ni mchawi!" Tabitha alipiga kaunta ya polisi kwa kiganja, kalamu ya askari ikadondoka. "Kitu kimekaa kwenye banda letu la ng'ombe tangu mimi sijazaliwa. Hakukiuza wakati wa njaa, hakukiuza bei ya kahawa ilipoanguka. Leo ndiyo akiibe?"

"Punguza sauti, mama," alisema Godlove Swai. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa kuliko sakafu. "Mimi sikutamka neno mwizi. Nilichosema ni kwamba mlinzi alikuwa yeye, pangaboi la ndege halipo, na hataki kusema liko wapi. Hesabu wamefanya polisi."

"Hesabu! Hesabu unazozijua wewe ni za kura."

Mtu kwenye benchi alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Mwenzio anagombea ubunge kwa jasho, wewe unamwonea wivu," alisema Godlove.

"Kwa jasho la nani? La baba yangu?"

Inspekta Aikande Lyimo alitoka ofisini akiwa na funguo za Landrova mkononi. "Inatosha. Mama, kaa benchi hili. Wewe Bwana Swai, lile kule. Anayetaka kupiga kaunta akapige ya dukani kwake."

Wakakaa. Aikande alikuwa amelea wavulana watano na hakuwahi kumwambia mtu akae mara mbili.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Kiyeri ni tambarare iliyo kusini mwa mji wa Moshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya mafunzo ya anga, vijana wa Kizungu wakijifunza kurusha ndege ndogo. Wachagga na Wapare waliajiriwa kusukuma ndege hizo, kuzijaza mafuta, na kuzungusha mapangaboi kwa mikono ili injini ziwake. Vita vilipokwisha kambi ilifungwa, nyasi zikaota. Mwaka huu wa 1995, vita vikiwa vimetimiza nusu karne tangu viishe, Godlove aliunda kamati ya kuwakumbuka waliotumika pale. Wakajenga nguzo ya zege, wakachonga majina, na juu yake wakafunga pangaboi ambalo Mzee Filemon Nkya, mmoja wa wachache waliobaki hai, alilihifadhi nyumbani kwake Machame. Kesho, Jumamosi, Mkuu wa Mkoa angekuja kufunua kitambaa, pamoja na Waingereza wawili wazee waliojifunzia urubani hapo.

Asubuhi hii kitambaa kilikutwa kimekunjwa vizuri chini, na nguzo ikiwa tupu. Mzee Filemon, aliyejitolea kulala kwenye kibanda cha mlinzi, alikutwa ameketi pale na fimbo yake. Hakuwa na jeraha wala hakuwa amefungwa kamba. Walipomuuliza nani amechukua, alijibu, "Sina la kusema." Wakamweka ndani.

"OCD, mkuu wenu wa wilaya, anataka apelekwe mahakamani leo mchana," Tabitha alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Leo ni Ijumaa, Inspekta. Wakimnyima dhamana analala mahabusu mpaka Jumatatu. Ana pumu. Sakafu ni saruji. Jumatatu mtanipa maiti."

"Dawa yake anayo?"

"Nimemletea. Wamesema dawa hairuhusiwi mpaka mkubwa aje."

Aikande alimgeukia askari wa kaunta, mtu wa Lindi aliyehamia Moshi mwezi uliopita. "Mpe mzee dawa yake. Sasa hivi, nikiangalia."

Filemon alikuwa pembeni mwa chumba cha mahabusu, mgongo ukutani, akivuta pumzi kwa mdomo. Wenzake wawili walikuwa wamempisha mahali pakavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Ulikuwa macho walipokuja?"

"Nilikuwa macho."

"Walikuwa wangapi?"

Filemon aliitikisa dawa yake.

"Walikutisha?"

"Hakuna aliyenitisha."

"Basi ulilala?"

"Nimekwambia nilikuwa macho." Alivuta dawa, akasubiri kifua kifunguke. "Nilinde kitu nilale? Mimi nilifundishwa zamu na Waingereza."

"Nani alilichukua, mzee?"

Filemon aliinamisha kichwa. "Sina la kusema."

Aikande alitoka. Aliwahi kuhoji wezi wengi waliosema uongo na wachache waliosema kweli. Huyu alijibu kila swali isipokuwa yale ya nani na wangapi.

"Elifuraha, washa gari," alimwambia koplo wake. "Tunakwenda Kiyeri."

*

Nguzo ilisimama peke yake katikati ya nyasi kavu. Koplo Elifuraha, mtu mzima mwenye kitambi na macho makali, alipanda kwenye ngazi ya mafundi na kuangalia juu.

"Afande, hawakukata. Boliti zote nne zipo. Wamefungua nati kwa spana, wakatoa pangaboi, kisha wakazirudisha nati zote mahali pake."

"Zimekazwa?"

"Kwa mkono. Zisipotee."

"Na kitambaa wakakunja."

"Mwizi mstaarabu sana huyu. Angefagia na uwanja."

Aikande alikuwa amechuchumaa chini. Aliokota kipande cha jani la kijani, kikachanika mstari ulionyooka kati ya vidole vyake. Kulikuwa na vingine, vimeelekea mahali ambapo gari liliegeshwa. "Jani la mgomba. Bichi. Unaona mgomba hapa?"

Elifuraha aliangalia pande zote. Kulikuwa na michongoma, mabua ya mahindi, na vumbi la kijivu. "Hapa hata mgomba wa kuchora hauoti."

"Na hii?" Alionyesha bonge la udongo mwekundu mzito, limedondoka kutoka kwenye tairi, alama za kashata za tairi bado zimo. Alama za gari zenyewe zilikuwa nyembamba. Pikapu.

"Udongo wa mlimani," alisema Elifuraha. "Kwa hiyo gari limetoka juu, limebeba majani ya mgomba. Ya kufunikia?"

"Turubai lingefunika vizuri zaidi."

Aliviweka vile vipande kwenye bahasha. "Bwana Swai anasema limeuzwa kwa watu wa chuma chakavu. Tumalize hilo kwanza."

*

Ebenezeri alikuwa na yadi ya chuma chakavu Njoro, nyuma ya gereji. Alipoona Landrova ya polisi aliinuka kwenye kiti cha gari kisicho na gari.

"Inspekta! Leo nakamatwa mimi au mzani?"

"Inategemea mzani wako. Umenunua pangaboi la ndege?"

Ebenezeri alicheka mpaka akajishika kiuno. "Na wewe umekuja kwa hilo? Aliyekutuma ni Mangi Godlove. Lazima. Huyo tangu aanze siasa hata rangi ya nyumba yake haijui."

"Jibu swali."

"Lile pangaboi ni ubao, afande."

"Ubao?"

"Mbao zilizogandishwa pamoja, zikachongwa. Pembezoni limevishwa bati la shaba, jembamba kama ukucha. Nilikwenda kulitazama bandani kwa Mzee Filemon mwaka juzi, nikanywa maziwa yake, nikarudi. Mimi nauza chuma. Kabati akauze fundi seremala."

"Wamelipaka rangi ya fedha," Elifuraha alisema. "Mimi mwenyewe nilidhani chuma."

"Ndiyo kazi ya rangi, koplo."

Aikande alisogea karibu. "Mtu akitaka ile shaba tu, angefanyaje?"

"Angebandua kwa bisibisi palepale, ubao angewaachia. Nani abebe mzigo mrefu kuliko yeye kwa ajili ya shaba ya kutengeneza vijiko?"

"Asante. Mzani wako nitakuja kuuona siku nyingine."

"Karibu, lakini uje bila gari hilo, wateja wananikimbia."

Ndani ya Landrova Aikande hakuwasha injini mara moja. "Hawakutaka shaba, hawakutaka mbao. Walilitaka pangaboi lenyewe, zima. Na walilibeba juu ya majani mabichi ya mgomba. Kwetu tunalaza nini juu ya majani mabichi?"

Elifuraha alifikiri. "Nyama ya kuchinja."

"Na nini kingine?"

Koplo alishusha sauti. "Zamani, maiti."

*

Kituoni Tabitha alikuwa bado kwenye benchi lake, chupa ya uji mapajani. Godlove alikuwa kwenye benchi lake, akitazama saa.

"Vitu alivyokuja navyo Mzee Filemon," Aikande alimwambia askari wa kaunta. "Nitolee vyote."

Askari alimwaga mfuko: kofia ya sufu, mkanda, kiberiti, funguo za kibanda.

"Ndiyo vyote?"

"Ndiyo afande. Kulikuwa na jani tu mkononi mwake. Nikalitupa. Nusura anipige kwa ajili ya jani, afande. Mzee mzima."

"Jani gani?"

"Jani tu. La mti. Refu hivi."

"Liko wapi?"

Alitoka kwenda nyuma, akarudi amelishika kwa ncha za vidole. Lilikuwa jani refu la kijani, limekunjwa na kufungwa fundo moja katikati. Elifuraha alivua kofia yake.

"Mbona unavua kofia?" aliuliza askari wa Lindi.

"Kwa sababu wewe umetupa kwenye takataka kitu ambacho babu yangu alikuwa anakipokea kwa mikono miwili. Hilo ni isale."

"Ndiyo nini?"

Aikande ndiye aliyejibu, maana koplo alikuwa amekasirika. "Masale tunayapanda mipakani na makaburini. Lakini mtu akikukosea, akakuletea isale amelifunga hivi, anakuomba radhi. Huwezi kulikataa. Na ukishalipokea mambo yamekwisha. Hupeleki kwa mwenyekiti, hupeleki mahakamani, husimulii kilabuni."

"Hata akiwa amekuibia ng'ombe?"

"Hata akiwa amekuulia ndugu."

Askari alilitazama lile jani upya.

Aikande alimvuta Elifuraha pembeni. "Mwizi haombi radhi. Aliyechukua alimwamsha mzee kwanza, au alimkuta macho. Akampa isale. Mzee akalipokea."

"Kwa hiyo anamjua."

"Anamjua na ameshamsamehe. Akimtaja, amevunja. Tumemfunga mtu kwa sababu anatunza neno lake."

Alirudi mahabusu na jani, akampa Filemon kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko. "Samahani mzee. Askari wetu hakujua."

Mzee alilipokea kwa mikono yote miwili. Alilichunguza fundo kama halijafunguka, kisha akalitia ndani ya koti. "Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Lyimo. Marangu."

"Basi unajua. Usiniulize."

"Sikuulizi aliyelileta. Nina swali lingine. Pangaboi ulishalikabidhi kwa kamati?"

"Nilikataa. Nilisema nitalikabidhi kesho, mbele ya Mkuu wa Mkoa, watu wote wakiona. Nawajua wanasiasa. Ukimpa kitu kichochoroni, kesho anasema alizaliwa nacho." Alitaka kucheka, kikohozi kikamkamata. Kilipotulia midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Mwanangu, wanipeleke huko mahakamani yaishe. Hapa pana baridi."

Aikande alitoka na kufunga mlango mwenyewe.

"Tabitha. Nani aligombana na kamati kwa ajili ya pangaboi hili?"

Tabitha alimwelekeza Godlove kwa kidevu. "Muulize huyo. Muulize habari za mama wa Kibosho aliyemtoa nje ya mkutano."

"Sikumtoa," Godlove alisema. "Nilimwomba apumzike nje. Bibi kizee, alikuja kuligusagusa pangaboi, kisha akaanza kulia kwamba lilimuua mume wake. Akataka tuliondoe. Nikamwambia mama, hicho ni chombo tu, wageni wameshaalikwa."

"Lilimuua vipi?"

"Anadai mumewe alikuwa analizungusha ndege iwake, likampiga. Wakati wa vita."

"Kwa hiyo alitumika Kiyeri. Jina lake limo kwenye nguzo?"

Godlove alirekebisha tai. "Halimo. Kamati ilikubaliana kuandika waliotumika mpaka kambi ilipofungwa. Yeye hakufika mwisho."

Mtu wa kwenye benchi aligeuka kumtazama Godlove.

"Hakufika mwisho," Aikande alirudia. "Anaitwa nani huyo mama?"

"Watu wa Kibosho wengi, siwezi kukumbuka..."

"Mektrida," alisema Tabitha. "Mama Sylvanus. Mwanawe ana pikapu ya kubebea maziwa. Nilimpa maji siku ile, alikuwa anatetemeka." Kisha akaelewa alichokisema. Akaweka mkono mdomoni.

Godlove alikuwa ameshasimama. "Nakuja na wewe. Nitatafuta vijana wa kubeba."

"Unabaki hapa."

"Inspekta, kesho Mkuu wa Mkoa anakuja kufunua nguzo tupu. Nitampigia OCD."

"Simu ile pale. Usipige kaunta."

*

Barabara ya Kibosho ilikuwa mawe na mitaro. Elifuraha aliendesha kimya, migomba na mibuni ikifagia pande zote mbili za gari. Walipopita kanisa waliuliza njia mara moja tu. Pikapu ilikuwa uani, imeoshwa, lakini kwenye kashata za tairi vumbi la kijivu la tambarare lilikuwa bado limeganda.

Mwanamume mwenye ndevu zilizoanza mvi alisimama katikati ya njia. Alikuwa na udongo mpaka kwenye magoti.

"Wewe ni Sylvanus?"

"Ndiye. Kama mmekuja na pingu, mikono ni hii. Mama mumwache."

"Sijakuuliza mikono. Mama yuko wapi?"

"Nimesema mumwache."

Elifuraha alisogea. Sylvanus naye akasogea. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya nyumba: "Sylvanus! Wageni hawasimamishwi njiani kama ng'ombe wa watu. Walete."

Mama Mektrida alikuwa mdogo wa umbo, kanga mbili kiunoni, rozari shingoni. Aliketi kwenye kigoda ndani ya kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, kando ya kaburi la zamani lililozungushiwa masale. Pembeni ya kaburi lilichimbwa shimo jembamba na refu. Kati ya shimo na kigoda, juu ya majani mabichi ya mgomba, lilikuwa pangaboi. Rangi ya fedha ilikuwa imekwanguliwa upande mmoja na mbao nyekundu ilionekana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni polisi?"

"Ndiyo mama. Inspekta Lyimo."

"Kaa chini, Inspekta. Tunamsubiri mdogo wake marehemu aje, tulizike."

Aikande hakukaa. "Ulijuaje kwamba ni hili? Kiyeri kulikuwa na ndege nyingi."

Mama aliinama, akapitisha kidole kwenye ncha ya bapa moja. Bati la shaba pale lilikuwa tofauti na jingine, misumari yake imesogeleana, na chini yake mbao ilikuwa imeungwa. "Mume wangu Aloisi aliletwa nyumbani na kaka yake, walifanya kazi pamoja. Alituambia pangaboi lilivunjika ncha kwenye bega la Aloisi. Fundi Mzungu akaiunga, akapigilia shaba mpya, ndege ikaruka wiki ileile. Nililishika kwenye mkutano, nikaukuta muungo." Aliondoa kidole. "Pangaboi walilitengeneza. Aloisi hawakumtengeneza."

"Wewe ulikuwa na umri gani?"

"Nilikuwa na huyu tumboni." Alimwonyesha Sylvanus, na lile dume la mvi likatazama chini.

"Kwa nini msiliache huko?"

"Kitu kilichomwaga damu ya mtu hakiwekwi juu ya vichwa vya watu, kikapigiwa ngoma. Kesho watoto wa shule walikuwa wanakuja kukiimbia. Nilikwenda kwa yule mwenye suti, akanitoa nje. Basi kinarudi ardhini, kwenye miguu ya mtu kiliyemuua. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Uliingia Kiyeri ukachukua mali ya mtu."

"Nilimwomba mwenyewe." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mimi siibi. Nilimkuta Filemon macho. Nikamweleza. Nikamwekea isale mkononi, nikamwambia, baba, nisamehe, nakuvunjia sherehe yako na nakuchukulia kitu chako."

"Akajibuje?"

"Alikuwa hajui. Yeye alipelekwa Kiyeri baadaye. Alisema, mama Sylvanus, ningejua nisingeliweka mahali ninapokamulia maziwa. Chukueni."

"Alitamka hivyo? Chukueni?"

"Chukueni. Na yeye ndiye aliyemshikia Sylvanus ngazi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu," alisema Sylvanus. "Naapa popote."

Aikande alitazamana na Elifuraha. "Mama, unajua Mzee Filemon yuko wapi sasa?"

"Yuko kwake, atakuwa wapi?"

"Yuko ndani. Tangu asubuhi. Amekataa kuwataja."

Mama Mektrida alishika rozari yake, vidole vikaacha kutembea. "Ndani wapi? Rumande? Yule mzee wa pumu?"

"Anapelekwa mahakamani mchana huu."

Alisimama, haraka kuliko mtu wa umri wake. "Sylvanus, lete pikapu. Pakia. Warudishiwe, walipandishe juu hata kwenye mnara wa kanisa wakitaka. Mzee wa watu hafi kwa ajili ya ubao wangu."

"Mama..."

"Pakia, nimesema! Aloisi amevumilia siku zote hizi, atavumilia tena."

Sylvanus hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yakiingia kwenye ndevu. Akainama kushika ncha ya pangaboi.

Redio ya Landrova ilianza kukoroma uani. Elifuraha alikwenda kusikiliza, akaita: "Afande! Gari la mahakama liko mlangoni, wanampakia. OCD anauliza kama tumepata kielelezo. Bwana Swai yuko naye hapohapo."

Aikande alitembea hadi kwenye gari. Alikuwa na njia mbili. Akilirudisha pangaboi, Filemon angetoka, Sylvanus angeingia mahali pake, na kesho watoto wangeimba. OCD angefurahi. Ya pili ilikuwa kuisoma kesi kama ilivyo.

"Hilo pangaboi ni la nani, Elifuraha?"

"La kamati, afande."

"Walikabidhiwa lini?"

"Kesho."

"Basi leo ni la nani?"

"La Mzee Filemon."

"Mwenye mali ametoa mali yake kwa hiari, kwa kinywa chake, na ngazi akashika. Wizi uko wapi?"

"OCD hatapenda, afande."

"OCD anipende kwa nini, mimi ni mke wake?" Alichukua kipaza sauti. "Kituo, huyu ni Inspekta Lyimo. Mshusheni Mzee Filemon kwenye gari."

Redio ilikwaruza. "Afande, OCD amesema mtuhumiwa lazima..."

"Hakuna mtuhumiwa. Hakuna wizi. Mali ilikuwa ya mzee mwenyewe na ameitoa kwa hiari yake. Mlalamikaji amelalamikia kitu ambacho hajawahi kukimiliki, muulizeni alikabidhiwa lini, mmsikie atakavyojibu. Mpelelezi wa jalada ni mimi. Nalifunga. Nitasaini kwa jina langu."

Kulikuwa na sauti za watu nyuma ya askari. Ya Godlove ilikuwa juu. Kisha ikakatika. Kisha sauti nzito ya mtu mzima, ambayo kila askari wa wilaya aliijua, ikaja hewani.

"Lyimo. Unajua kesho nani anakuja?"

"Najua, mkuu."

"Na ukiwa umekosea?"

"Nitakuwa nimekosea mimi. Lakini mzee ana pumu, na akifia kwenye gari letu tutakuwa tumekosea wote."

Elifuraha alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Mshusheni," ilisema sauti ile. "Lyimo, jalada mezani kwangu kabla sijaondoka."

"Nitasubiri nisikie ameshuka, mkuu."

Alisubiri. Mama Mektrida alikuwa amekuja mpaka uani, na Sylvanus nyuma yake, mikono ikiwa mitupu. Redio ilikwaruza tena, akawa ni yule askari wa Lindi.

"Ameshuka, afande. Yuko kwenye benchi na binti yake, anakunywa uji. Na lile jani analo."

Aikande alirudisha kipaza sauti mahali pake. "Mama, umesikia?"

Mama alitikisa kichwa kukubali.

"Kesho kutakuwa na nguzo, na hakutakuwa na kitu juu yake. Wageni watauliza. Bwana Swai atatunga hadithi. Uje usimame pale wewe, uwaambie jina la mumeo na kilichompata. Kama hawajalichonga, walisikie."

"Mbele ya Mkuu wa Mkoa?"

"Mbele yake. Utaogopa?"

"Nimemwogopa nani mimi?" Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nitakuja. Sylvanus atanileta."

"Na kielelezo, afande?" aliuliza Elifuraha.

"Kielelezo cha kosa gani?"

Juu ya njia alikuwa anashuka mzee mwingine, fimbo mkononi, akitazama Landrova kwa wasiwasi. Alikuwa mdogo wake Aloisi. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye nguvu za kubeba isipokuwa Sylvanus, na pangaboi lilikuwa refu kuliko yeye.

Aikande alivua kofia ya kazi, akaiweka juu ya boneti. Akarudi kwenye kihamba, akainama upande wenye muungo, akaingiza mikono chini ya majani ya mgomba.

"Sylvanus, shika kule. Elifuraha, katikati. Taratibu, lisigonge ukingo."

Wakalishusha. Mama Mektrida akasema maneno kwa Kikibosho, si marefu, kisha akafanya ishara ya msalaba. Mdogo wake marehemu akamwaga udongo wa kwanza kwa mkono. Koleo lilikuwa limelazwa kando ya shimo. Inspekta Aikande Lyimo akaliokota, akalijaza udongo mwekundu, na kuanza kufukia.